Malalamiko Dhidi ya Samaki wa Nabii Yona

Bujumbura, 9 Mei 1968

Kwa Mheshimiwa Padri Adolphe,
Msimamizi wa Kamati ya Mchezo wa Pentekoste

Mheshimiwa Padri,

Kwa heshima ile ile niliyokuwa nayo nilipokukabidhi utenzi wangu wa Nabii Yona, wenye beti mia moja na ishirini, ninaleta mbele yako shtaka ambalo sikutazamia kuliandika nikiwa mtu mwenye diploma. Ninamshtaki samaki.

Najua kwamba yeye ni wa mbao na kitambaa. Hilo halimpunguzii hatia.

Jumatatu kamati iliamua kwamba Askofu atakapokuja siku ya Pentekoste, beti zangu zipunguzwe hadi ishirini ili samaki apate nafasi ya kucheza. Nawe unajua kuwa Askofu anatafuta mhariri wa gazeti jipya la jimbo, na kwamba hana kipimo kingine cha kunipimia isipokuwa beti hizo. Ninakuomba basi uyasome haya kabla ya kutia sahihi.

1. Chanzo ni Bwana Huseni wa Buyenzi, fundi tuliyemwomba atuchongee vikaragosi vyote. Mabaharia aliwachonga vizuri. Mfalme wa Ninawi alimpa hata kitambi. Alipofika kwa Yona aliweka patasi chini, akasema: "Apana, musomi. Yunus ni nabii ya kwetu pia. Uso ya nabii, mi siichongi. Samaki nitakupa, hata na meno." Nilimweleza kwa muda wa dakika arobaini kwamba sanaa ina kanuni zake. Alinisikiliza kwa adabu, huku akichonga meno.

2. Kwa kuwa nabii hana uso, ilinibidi nibuni njia ya kumsitiri. Yona anamezwa katika ubeti wa tatu, na beti mia moja na kumi na saba zinazobaki anazisema akiwa tumboni. Mimi ndiye ninayezighani, nikiwa nyuma ya jamvi. Nakiri kwamba wazo hili lilikuwa langu. Lakini watazamaji wanaona samaki tu, kinywa kikifunguka na kufumbika, nao wanadhani maneno ni yake. Baada ya jaribio la kwanza, katekista alimpongeza samaki kwa vina.

3. Samaki huyu huchezwa na watu walio ndani yake: kichwa kinashikwa na Mama Nsimire, muuza vitenge, na mkia unashikwa na wanawake wawili wa kwaya. Niliwaagiza watulie wakati wa sala, kama inavyompasa mnyama aliyetumwa na Mungu. Ngoma ikilia, samaki anatikisa mabega. Padri, samaki hana mabega. Mama Nsimire amempatia. Nilipomkanya, alinijibu mbele ya watu wote: "We mutoto ya watu, maombi yako ni murefu kuliko ziwa! Samaki naye anachoka!" Kwaya ilicheka kwa sauti zote nne.

4. Wavuvi wa Kajaga wamemtambua kuwa ni sangala, yule samaki mkubwa wa ziwani, tena wa upande wao, na wamemwalika harusini. Mimi niliyemtungia kila neno sikualikwa.

5. Jumapili iliyopita, wewe mwenyewe uliwauliza watoto wa katekisimu ni nani aliyetumwa Ninawi kuhubiri toba. Walijibu kwa pamoja: samaki. Hapo jambo hili liliacha kuwa langu, likawa la imani.

Kutokana na hayo ninaomba kwamba samaki aondolewe na mahali pake litundikwe pazia jeusi; kwamba ikiwa yupo wa kumtetea, aeleze samaki huyo amesoma wapi na ana cheti gani; na kwamba beti zote mia moja na ishirini zisomwe nami, nikiwa nimesimama mbele, nimevaa tai.

Nifikishie salamu zangu kwa masista, kwa katekista ambaye nimemsamehe, kwa mpiga kengele na kwa wanakwaya wa sauti zote nne. Samaki simsalimu.

Ni mimi mtumishi wako katika fasihi na katika Kristo,

Aloys Mirindi
Mwenye Diploma ya Lugha

Nyongeza, Jumapili tarehe 12. Padri, barua hii ilikuwa ingali mfukoni mwangu. Jana Mama Nsimire alivuka kwenda Uvira kuchukua vitenge, nami nikapata fursa ya kulijaribu pazia jeusi mbele ya waliokuja kutazama mazoezi. Nilisimama mbele, nimevaa tai. Kufikia ubeti wa tisa alikuwa amebaki mtu mmoja, Bibi Fatouma, mama yake Huseni, aliyekuja kutazama kazi ya mwanawe. Aliniambia: "Mujukuu, unasoma muzuri sana. Sasa samaki iko wapi?" Aliuliza kwa huruma kubwa hata nikaenda nyuma, nikajitwika kichwa, nikaingia.

Mle ndani kuna joto, giza na harufu ya gundi. Nilisahau beti zote isipokuwa mbili, zile za kuomba kutolewa. Nilizisema kwa kupiga kelele, kwa sababu nilikuwa ninazimaanisha. Mabega yalitikisika yenyewe. Waliokuwa wameondoka walirudi, na Bibi Fatouma aliitikia "Amina" kabla ya katekista.

Kwa hiyo beti ishirini za kamati ni nyingi mno, mbili zinatosha. Mama Nsimire amerudi, akakitwaa tena kichwa cha samaki, akakubali nishike mkia mradi nisiwafundishe wenzangu kitu. Askofu akiuliza mtunzi yuko wapi, tafadhali mwoneshe mkia. Barua yenyewe nakuletea kama ilivyo. Naomba ihesabiwe kuwa iliandikwa na mtu ambaye alikuwa bado hajamezwa.