Nyimbo za Kumzuia Bi Orie Asihamie Sendai

Jumatatu, 11 Novemba

Balaa! Bi Orie wa duka la maua, mteja wangu wa kila siku tangu afiwe na mumewe, leo kaniambia mwanawe anamtaka ahamie kwake Sendai, mbali huko kaskazini. Chumba kishapakwa rangi. Jibu linatakiwa Jumamosi. Kayasema hayo huku anakoroga kahawa, kana kwamba anazungumzia mawingu. Nikamwambia Sendai kuna baridi kali. Akasema anajua, koti analo.

Koti! Mimi moyo unanidunda, mwenzangu anazungumzia koti.

Nimewaza mpaka nikaunguza mkate. Jibu likanijia nikiosha vikombe: Bi Orie amechoka. Anashinda amesimama kati ya ndoo za maji baridi, anakuja kwangu, anakunywa kikombe kimoja, huyoo anaondoka. Moyo wake ukitulia hapa, atahama vipi? Na hapa Japani hakuna kitulizo cha moyo kama nyimbo zetu laini za miaka ya themanini, enzi za ujana wetu, nywele zikiwa bado nyeusi. Ninazo kaseti sanduku zima. Mkahawa huu haujawahi kupigwa muziki tangu enzi za marehemu baba. Kesho utapigwa!

Tahadhari: Ukai, kinyozi wa jirani, asijue. Naye humtazama sana Bi Orie. Tena ana santuri ukuta mzima, na haachi kujigamba nazo.

Jumanne, 12 Novemba

Nilianza na kaseti ya dada mmoja mwenye sauti ya uvuguvugu. Mzee Hatano, dereva wa treni mstaafu anayekaa dirishani na gazeti lake, akafumba macho na kutikisa kichwa. Bi Orie akaingia. Akaketi. Akashusha mabega. Nikajipongeza nyuma ya kaunta.

Kisha nikayasikiliza maneno. Mara ya kwanza maishani! Wimbo wa kwanza, mtu anaondoka kwa treni. Wa pili, mtu yuko stesheni, theluji inaanguka, treni inakuja. Wa tatu ni bandarini, lakini huyo naye anaondoka! Kumbe nyimbo zote za ujana wangu ni za watu wanaohama. Bi Orie akajifuta jicho. Akamuuliza Mzee Hatano siku hizi mtu akitoka hapa Kurashiki kwenda Sendai anabadilisha treni wapi. Yule mzee asiye na haya akamweleza kituo kwa kituo, mpaka upande wa kukaa ili auone Mlima Fuji.

Jumatano, 13 Novemba

Nimezichuja kaseti. Nimeondoa treni, stesheni, bandari, viwanja vya ndege na kila mwanamke anayepunga mkono. Zimebaki nyimbo mbili, na mmoja ni tangazo la dawa ya mbu nililolirekodi redioni kwa bahati mbaya.

Nikajikaza kisabuni, nikaenda kwa Ukai. Nikasema nimekuja kunyolewa tu. Akawa ananitazama kwenye kioo. Mtu akiwa na wembe kooni mwako, siri zinatoka zenyewe. Alicheka hadi akaweka wembe mezani. Wewe Kuramochi, akasema, mvi zote hizo na akili bado ya shule ya msingi! Halafu akanitolea santuri ya muziki wa kupumzikia wa miaka ileile, piano na fidla tupu. Akasema humo haimbi mtu, kwa hiyo haondoki mtu. Akanirekodia kaseti yeye mwenyewe.

Huu wema umetoka wapi? Nanusa njama.

Alhamisi, 14 Novemba

Sitaki hata kuandika. Naandika.

Mwanzo mambo yalikuwa asali. Mchana mkahawa ulijaa: Mzee Hatano, akina mama wa kikundi cha kufuma, hata Ukai na keki yake. Piano inadondoka taratibu. Bi Orie akavua viatu chini ya meza! Nimeona kwa macho yangu. Akaagiza kikombe cha pili. Cha pili! Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia.

Ndipo ikapigwa ile tuni. Ile ya kufungia, ambayo kila duka kubwa na kila maktaba huipiga watu waondoke, na ambayo tumeitii tangu tukibebwa mgongoni. Polepole, kwa fidla. Mzee Hatano akakunja gazeti. Akina mama wakakusanya nyuzi. Bi Orie akavaa viatu, akaacha kikombe cha pili nusu. Wakainama mmoja mmoja, wakaniomba radhi kwa kunichelewesha. Nami nikainama, nikawashukuru, nikapandisha viti juu ya meza, nikavua aproni, nikazima taa, nikashusha mlango wa chuma. Tukasimama wote barabarani.

Jua linawaka. Watoto wa shule ndio kwanza wanarudi na mikoba yao. Tukatazamana.

Bi Orie ndiye aliyeanza kucheka. Alishika nguzo, akacheka, akachuchumaa palepale. Mimi nikakimbilia mlango wa nyuma, sikuonekana tena.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimemvaa Ukai. Nimemwambia waziwazi kwamba amenihujumu. Akaapa hakujua kama tuni ile imo. Naye alitoka kama wengine, tena keki yake aliiacha haijaguswa. Kweli, nimeikuta. Nimeila. Msimamo wangu haukubadilika.

Akaongeza kwamba kwa Bi Orie hana analolitaka. Anachotaka ni mtu wa kubishana naye mpaka uzeeni, na mtu mwenyewe ni mimi. Sikujua nitazame wapi. Nikamwambia upande wa kushoto kaninyoa vibaya.

Bi Orie hakuja leo. Haijawahi kutokea. Kikombe chake nimekipangusa na kukipangusa. Nampenda mwanamke huyu, basi, nimeandika. Na akiondoka, ni mimi niliyempigia tuni ya kufungia.

Jumamosi, 16 Novemba

HAHAMI!

Alikuja mapema, na maua mkononi. Jana alikuwa kwenye simu na mwanawe. Alijaribu kumsimulia mkasa wa Alhamisi, kila akifika kwenye mlango wa chuma kicheko kinamkaba. Mwanawe naye akacheka bila kuelewa kitu, kisha akamwambia: mama, sijakusikia ukicheka hivi tangu baba afariki. Hapo Bi Orie akaona wazi: huko Sendai nani atasimama naye barabarani mchana kweupe kama mjinga? Katika kile chumba atakwenda kulala Mwaka Mpya, kisha arudi.

Halafu akasema ana ombi, akainama kabla hajalitoa. Anaomba kaseti nizipumzishe. Kutwa nzima spika za barabara ya maduka zinamwimbia masikioni. Kwangu alikuwa anafuata kimya. Kimya, na mimi nikihangaika nyuma ya kaunta. Alisema hivyo: na mimi.

Tukakaa bila neno mpaka kahawa ikapoa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumapili, 17 Novemba

Nimelitafakari suala hili kwa kina. Bi Orie anapenda kimya. Vizuri. Lakini kimya cha mkahawa wangu, tusidanganyane, ni cha hali ya chini. Friji inanguruma. Mzee Hatano anakohoa. Mwanamke kama yule anastahili kimya cha daraja la kwanza!

Kesho alfajiri napanda mpaka hekalu la mlimani kukirekodi. Pande zote mbili za kaseti. Ukai kasema kichwa changu kimemshinda kinyozi, lakini atakuja kunibebea chai. Mchana nitampigia Bi Orie kimya chake, kwa sauti ya juu kabisa, akisikie vizuri.