Nimemlilia Shangazi Bure

Leo nimejiaibisha mbele ya koo mbili kwa mpigo. Ukoo wetu, na ukoo wa wageni kutoka Liuli. Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali nainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka.

Asubuhi mama alipita shuleni. Alikuwa amepewa lifti kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa mitumba, na dereva hata injini hakuzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shika." Akanipa kikopo cha usipa wa kukaanga. (Anayejua maharage ya bwenini atanihurumia.)

Mama akaanza kuongea. Mimi nikaanza kula. Akaongea, nikasema, "Eeh." Akaongea tena, nikasema, "Sawa mama." Mwishoni akafuta macho kwa pindo la khanga, akauliza, "Umenisikia lakini?"

"Nimesikia." (Mdomo umejaa.)

Pikapu ikapiga honi, mama akaondoka.

Nilipofika kwa samaki wa mwisho ndipo maneno yake yalipoanza kuniingia, vipande vipande. Shangazi Leonia. Ametuacha. Omba ruhusa, njoo umuage.

Kikopo kikanidondoka.

Shangazi Leonia ni mdogo wake baba, anaishi kwa Bibi. Ndiye mtu pekee ambaye nikianza kusimulia, anaweka jembe chini. Nilikimbia kwa mwalimu wa zamu, nikamwambia shangazi yangu ametuacha. "Pole sana, binti. Nenda. Sisi huku tutamwombea."

Nikatembea saa nzima nikilia. Kufika kwa Bibi: turubai. Wanawake wanamenya ndizi. Wazee kimya kwenye mabenchi. Sufuria ni ile ile ya msiba wa Babu! (Sasa ningejuaje? Ukoo mzima tuna sufuria moja kubwa, inapikia kila kitu.)

Hapo haya zote zikanitoka. Nikajitupa chini katikati ya uwanja.

"Shangazi weee! Umeniacha na nani? Nani atanisikiliza mimi? Mama yeye kazi yake kufoka tu!"

(Mama alikuwa pale pale, ameshika mwiko.)

Watu wakaduwaa. Bibi mmoja jirani, asiyejua lolote, akadaka kilio. Mwingine naye akadaka. Kwetu mtu haachwi kulia peke yake. Kumbe wakati huo huo wageni wa Liuli walikuwa wanapanda kilima kati ya mibuni, na vikapu vyao vya samaki, wanakuja kumchukua bibi harusi. Wakasikia vilio. Wakasimama. Mshenga wao akavua kofia. Bwana harusi akaachia kikapu, akaketi chini pale pale, samaki wakaserereka mtelemkoni.

Mlango ukafunguka. Akatoka Shangazi Leonia, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Jamani, nani kafa?"

Mzimu! Nikapiga yowe, nikatimua mbio, nikatumbukia kwenye ngolo, shimo la shambani lililojaa maji ya mvua ya jana. Sketi, shati jeupe, kila kitu.

Shangazi ndiye aliyenivuta. "Nani kakwambia nimekufa?"

"Mama. Kasema umetuacha."

"Nilisema a-NA-tuacha!" mama akafoka. (Si nilisema?) "Anatuacha! Anaolewa! Nikakuuliza utasema neno la kumuaga mbele ya wageni, ukanijibu sawa mama!"

Mimi? Mbele ya wageni?

Shangazi mabega yalikuwa yanamtikisika. Nikadhani anacheka. Kumtazama vizuri, analia.

"Mimi ndiye niliyemtuma akuombe," akasema. "Nilijua utakataa. Aliporudi na hiyo 'sawa' yako, nimeshinda na furaha asubuhi yote." Akanifuta tope puani. "Unalia nani atakusikiliza. Wewe unamsikiliza nani?"

Hilo nililisikia lote.

Mshenga, ambaye sasa alikuwa amefika uwanjani, akakohoa. "Kama hilo ndilo neno la kuaga, upande wetu limetutosha. Bwana harusi mwenyewe hajaweza kusimama."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi maji yananichuruzika, nikasema kabla sijakimbia tena: "Shangazi, nenda salama. Likizo nitakuja Liuli, na safari hii utasimulia wewe." Basi. Sentensi mbili. Shangazi akanikumbatia na tope langu, akaharibu gauni.

Baadaye nilimfuata mama jikoni. "Mama, naomba unirudie yale ya asubuhi. Yote."

Akaweka mwiko chini. "Kwani samaki wamekwisha?"

Lakini akarudia. Na alikuwa na mengi, maskini.

Sasa kimebaki kitu kimoja kinachoninyima raha. Shuleni bila shaka walishamwombea marehemu apumzike kwa amani, mstarini, shule nzima. Jumatatu itabidi nikamfufue. Wewe daftari, ukicheka nakuchoma moto.