Mbuzi Aliyemeza Kengele

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mwandishi! Bado sijaandika kitu, lakini nimeshakuwa. Mkutubi wa maktaba ya watoto kabandika tangazo mlangoni: Jumamosi anakuja mhariri wa vitabu. Atasikiliza hadithi tulizotunga wenyewe, achague moja, ichapishwe na picha za rangi. Moja tu.

Naitaka hiyo moja. Si kwa ajili ya sifa. (Kidogo kwa ajili ya sifa.) Binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, ana kitabu kimoja, nacho hakina kurasa za mwisho. Kila siku namtungia mwisho mpya. Nataka ashike kitabu kizima, chenye mwisho, chenye jina la mama yake. Shule niliishia darasa la saba, lakini mdomo sikuuacha huko.

Nimeanza kazi papo hapo. Nimeingia chini ya meza nione dunia anavyoiona mtoto. Nimeona ganda la yai na miguu ya mama mkwe. Mama mkwe kauliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta hadithi. Akasema hata yeye alitafuta mkamwana, akaokota huyu wa chini ya meza. Halafu akanisogezea mto nikalie. Namshukuru sana yule mama.

Jumanne, 4 Juni

Hadithi imepatikana! Aliyeileta ni Chiriku. Alikuwa anakula, kasimamisha kijiko, kauliza mbuzi akimeza kengele itakuwaje. Nikaacha sufuria ikaungua. Itakuwaje, jamani! Mbuzi mwizi, kameza kengele, kila akinyemelea jikoni kwa watu tumbo linamsema: nge! nge! nge! Nimeandika mpaka mkono ukafa ganzi. Tumekula mboga yenye moshi. Mume wangu, fundi wa majokofu, kasema ameshawahi kula vibaya zaidi. Mume kama huyu hapatikani dukani.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Wifi yangu naye anasoma Jumamosi! Mwalimu wa chekechea, ana cheti, ana mamba wa kitambaa wa kuvaa mkononi. Mimi mkono mtupu. Nikajitolea kumfulia mamba. Nia haikuwa safi: nilitaka kuchungulia hadithi yake. Hadithi sikuiona, na mamba nilimchemsha kwa bidii mno, akatoka saizi ya mjusi. Nikampelekea hivyo hivyo. Wifi kacheka mpaka kakaa chini. Kasema afadhali, sasa hadithi itakuwa ya mamba aliyeoga sana akapungua, nayo ni tamu kuliko ile ya kwanza. Yaani nimemsaidia adui! Tena kanikumbatia. Nashukuru, ila kwa uchungu.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimeipima hadithi. Kipimo changu nimekirithi kwa mama yangu mzazi: hadithi nzuri ni ile inayomlaza mtoto. Mama alikuwa akianza tu, sisi chali.

Basi baada ya chakula cha mchana nikamlaza Chiriku, nikasoma. Kufika kwenye kengele, macho kodo! Kakaa kitako. Kauliza mbuzi akicheua, inalia? Akipiga chafya je? Kisha kaenda kuleta vifuniko vya sufuria tujaribu. Hadithi mbovu! Nikaifuta kengele. Nikasoma tena. Kashtuka kwenye wizi. Nikaufuta wizi. Kacheka pale mwenye jiko anapomkimbiza mbuzi na mwiko. Nikamfuta mwenye jiko, mwiko na mbio. Kilichobaki: mbuzi anakula majani. Anatafuna. Anacheua. Anakula tena.

Chiriku kalala fofofo. Nimembusu kwenye paji la uso, nikalia kidogo. Uandishi ni kipaji.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaribu kwa watu wazima. Mume kalala na bisibisi mkononi. Mama mkwe, anayelalamika kila siku kwamba usingizi umemhama, hakumaliza ukurasa: kakoroma. Alipoamka kaniita mwanangu. Mwanangu! Wifi alipita, kaisoma, kanionya kuwa mbuzi bila kengele ni mbuzi tu. Wivu. Namsamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Au karibu na ushindi.

Wifi alianza. Maskini wifi. Watoto wamepiga kelele, wameruka, mmoja kacheka mpaka kajikojolea. Hakuna aliyepiga mwayo hata wa adabu. Nilimwonea huruma.

Nikaingia mimi. Anatafuna. Anacheua. Wakaanza kuanguka mmoja mmoja, kichwa begani kwa mwenzake, kama migomba baada ya upepo. Mkutubi hoi kwenye kiti. Mhariri kidevu kifuani. Ukurasa wa mwisho nimeusoma kwa kunong'ona nisiwaamshe wasikilizaji wangu. Waliobaki macho ni wawili: wifi, kajishika kichwa, na Chiriku, aliyekwisha kulala vya kutosha nyumbani. Huyo ndiye aliyeniharibia. Kasimama, kauliza kwa sauti yake yote: Mama, kengele umeiweka wapi?

Mtoto mmoja kafumbua jicho: kengele gani? Chiriku akawasimulia yote, wizi, mwiko, mpaka chafya. Kufumba na kufumbua chumba kizima kimekuwa zizi, matumbo yanalia nge! nge!

Mhariri kaamka, kafuta mdomo. Nilitamani kuingia tena chini ya meza. Lakini muungwana yule! Kaniita mwandishi, mbele za watu. Kasema ana mapacha wachanga nyumbani, tangu wazaliwe hajalala namna ile, ananishukuru. Kisha kasema Jumatatu asubuhi nimletee mbuzi, kengele ikiwa tumboni, ndipo aamue kati yake na mamba wa wifi.

Njiani wifi kanishika mkono. Wifi, kasema, peleka ile ya Chiriku, usiguse hata nukta, nakuomba. Adui gani huyu? Nimejaribu kumchukia hadi nyumbani, nimeshindwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimerudisha kila kitu: kengele, wizi, mwiko, na chafya nimeongeza. Baada ya chakula nikamsomea Chiriku. Hajalala mchana kutwa. Mama mkwe naye hajalala, yuko uani anamuuliza kila mpita njia kama mbuzi angefaa kusamehewa. Mume anacheka peke yake, kichwa ndani ya jokofu la mteja. Nyumba nzima nge! nge!

Nimekaa nikamfikiria mhariri. Baba wa watu, macho mekundu kama nyanya, pacha mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Mtu kanitendea wema namna ile, kanipa jina la mwandishi, nami nimlipe kelele? Hapana. Shukrani haiwi ya mdomo tu.

Nimeitoa kengele. Nimeutoa na mwiko. Mbuzi anakula majani, anatafuna, na nimemwongezea ukurasa mzima wa kucheua. Kesho asubuhi yule baba atalala usingizi wa pono.