Mji Niliouchoma Mbele ya Mjomba Kondo

Leo nimevuliwa nguo sebuleni kwangu, mbele ya mtu niliyetakiwa kumwonyesha kwamba nina akili. (Namaanisha aibu. Nguo nilikuwa nazo, ingawa ni bukta.) Naandika nikiwa nimekaa palepale nilipoaibikia. Sina pa kwenda, na hata ningekuwa napo nisingetoka. Mnanijua.

Mlio karibu yangu mnajua nimeposa Kisarawe. Mwanaidi mwenyewe ameshakubali. Baba yake hana neno. Lakini kwao kauli ya mwisho ni ya mjomba, kaka wa mama, na Mjomba Kondo hatoi jibu mpaka aone kwa macho yake mchumba anaishije. Hatoi taarifa. Anakuja tu. Mshenga wangu, Mzee Saidi wa hapahapa mtaani, alinionya mapema: "Kuanzia sasa ishi kama unatazamwa."

Nikaishi hivyo. Nilifagia mpaka banda la kuku. Leo nikasema acha nipumzike kidogo.

Sasa, kuna gemu ninalocheza, la mapanga na wachawi. Ndani yake nchi imepasuka katikati. Huku kuna mfalme mwenye jeshi na maghala. Kule kuna waasi wa milimani, wanaosema mfalme amewanyang'anya mashamba. Unatakiwa uchague upande. Mimi sikuchagua. Nilimwapia mfalme, akanipa upanga. Nikapanda milimani nikawaapia waasi, wakanipa nyumba mjini kwao. (Msinitazame hivyo. Gemu linaruhusu.) Leo mfalme akanituma nikauchome ule mji wa milimani. Zawadi, farasi mweusi. Huyo farasi nimemtamani tangu naanza kucheza.

Jeshi langu likiwa njiani, nikasikia hodi. Ilikuwa sauti ya Mzee Saidi, nikaitikia karibu bila hata kuinuka. Wakaingia wawili. Wa pili alikuwa mzee mfupi, kanzu imenyooshwa vizuri, mkononi kiroba cha mananasi mawili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sijaja rasmi. Wewe endelea na shughuli yako."

Hapo ndipo nilipopotea. Mtu mzima akiambiwa na mkwe mtarajiwa "endelea", anazima, anatafuta shati, anaulizia mihogo ya Kisarawe. Mimi nikaendelea. Nilidhani ndiyo utiifu.

Mjomba Kondo akakaa, akakaza macho kwenye tivii.

"Hawa wanagombea nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza kama mtu aliyeitwa kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba. Akauliza mashamba ya milimani yalikuwa ya nani kabla ya huyo mfalme. Sikujua. Miezi yote hiyo nacheza, sikuwahi kumuuliza mtu.

"Na wewe uko upande gani?"

"Wa mfalme, mjomba."

"Mbona joho lako ni kama la hao unaokwenda kuwapiga?"

"Na kwao pia niliapa, mjomba. Wanatoa nyumba."

Mzee Saidi akaanza kukohoa. Alikuwa hana kikohozi.

Tukafika kwenye geti la mji. Gemu likaniuliza kwa mara ya mwisho, nachoma au sichomi. Nikataka mjomba aone kwamba nami naweza kukata shauri. Nikabonyeza. Mapaa yakashika moto, watu wakatoka mbio.

Mjomba akaelekeza kidole kwenye tivii. "Yule mama aliyesimama mlangoni na ndoo. Wenzake wanakimbia. Yeye mbona anakutazama wewe?"

Ulikuwepo uongo mwingi wa kusema pale. Sijui kwa nini nikachagua ukweli.

"Ni mke wangu, mjomba."

(Kwenye gemu unaoa. Ukipewa nyumba, unaoa.)

Mjomba akaacha kutazama tivii, akanigeukia mimi.

"Umeuchoma mji ukijua mkeo yumo?"

"Nilisahau, mjomba."

Mzee Saidi akavua kofia, akajifunika nayo uso. Baadaye aliniambia kwamba ningesema nilijua, angalau angepata pa kuanzia kunitetea.

"Umepewa nini kwa kazi hiyo?"

"Farasi."

Na farasi naye akachagua dakika hiyohiyo kutokea. Anang'aa, anarusha miguu juu ya majivu.

"Farasi mzuri," akasema mjomba, taratibu, bila kucheka.

Nikajitetea. Nikamwambia hakijaharibika kitu, kwamba nilisevu kabla ya kuwasha moto, naweza kurudi pale nyuma ikawa kama haijatokea.

"Ahaa," akasema, akashika goti kujiinua. "Ndiyo maana mkono haukutetemeka. Na Mwanaidi je? Ukimchoma, utarudi nyuma wapi?"

Nikazima tivii. Nilichelewa kidogo tu, kama mji mmoja hivi.

Akatoka uani, akachungulia banda. "Kuku wako wana maji safi," akasema. Ndilo jema pekee aliloliona kwangu, na nalishikilia. Kisha akafungua kiroba.

"Jumamosi nakuja tena. Nikute una upande mmoja, na yule mama yu hai. Usirudi pale uliposevu. Anza mwanzo kabisa, uwaulize hao watu mashamba yao yalichukuliwaje."

Akanipa nanasi moja. Jingine akaondoka nalo.

Jioni Mwanaidi ameniandikia: "Mjomba amerudi, anacheka peke yake mpaka chai imempalia. Ulimfanyia nini? Na huyo mke wa milimani ni nani?"

Sijamjibu. Niko milimani. Sina upanga, sina nyumba, sina farasi. Nachunga mbuzi wa waasi na kusikiliza malalamiko ya mashamba, nyumba hadi nyumba. Yule mama nimempita kisimani leo. Hanijui, na nimemsalimia kwa adabu zote.

Atakayecheka, siku ya harusi nitampakulia wali mtupu mimi mwenyewe. Kama harusi itakuwepo.