Makoti ya Watu Dirishani

Jumatatu, 6 Julai

Baridi kali. Umeme umekatika katikati ya chai, uniti zimeisha tena. Mshtakiwa ni hita. Inakula umeme kama ina watoto wa kulea. Nimeipandisha juu ya kabati na waya nimeuficha.

Mke wangu akanikumbusha kwamba mama yake anakuja Alhamisi kukaa nasi msimu wote wa baridi. Kaka yake, yaani shemeji yangu fundi umeme, naye anamtaka, na kwake kuna hita kila chumba. Mke wangu amesema mama akihamia huko kwa sababu ya baridi ya humu ndani, nisimsemeshe mpaka jua lirudi. Hakuwa anatania. Amemkumbuka mama yake mno. Nikamwambia atulie, nyumba itapata joto bila uniti hata moja. Mimi ni fundi cherehani, si mchezo!

Jumanne, 7 Julai

Upepo unapita chini ya mlango wa mbele. Nikashona mfuko mrefu mwembamba, nikaujaza vipande vya vitambaa, nikaulaza kizingitini. Kazi safi. Bahati mbaya kitambaa kilikuwa cha madoadoa. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti, alikuja kuomba chumvi. Akapiga ukunga, akashika ufagio, akauchapa mfuko wangu mpaka matumbo yakatoka nje. Mtaa mzima ukaja kumwona nyoka. Mlango ukashinda wazi mchana kutwa na baridi yote ikaingia ndani.

Jumatano, 8 Julai

Wazo! La kwangu mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Kwenye kibanda changu cha kushonea, hapo uani, kuna makoti yaliyoletwa kurekebishwa tangu wakati wa joto. Wenyewe hawajayafuata. Mazito, yana bitana, yananing'inia tu yakila vumbi. Nimeyatundika kwenye madirisha ya sebuleni, mikono nimeifunga pamoja utadhani yanakumbatiana. Upepo kwisha!

Mke wangu akauliza, je, wenye makoti wakija? Nikamwambia hao wameshasahau hata kama wana makoti. Akauliza mbona basi taa inawaka saa sita mchana. Huyu mwanamke angefaa kuwa hakimu.

Alhamisi, 9 Julai

Mama mkwe kafika! Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamkalisha karibu na dirisha. Kumaliza chai, akavua shali. Mwenyewe, bila kulazimishwa! Akasema chumba kina joto zuri na mapazia ni ya kisasa. Mke wangu akanitazama kama siku ile nilipopeleka posa.

Shemeji naye akaja, hita mpya mkononi. Mama akamwambia airudishe garini. Akanuna huyo! Nikamwongezea chai kwa huruma. Leo nimekuwa mkwe wa kweli.

Ijumaa, 10 Julai

Balaa. Baridi imezidi, na ilipozidi watu wakakumbuka makoti yao. Hilo sikulifikiria.

Wa kwanza mwalimu mkuu. Nikamkaribisha sebuleni, nikamwambia koti lake bado kifungo kimoja tu. Kumbe nimemkalisha chini ya koti lenyewe. Akainua macho, akakiona kifungo kiko mahali pake. Akalitungua, akalivaa, akaomba chai. Akafuata muuza nyama. Akafuata dereva wa gari la taka. Kila mmoja alitungua lake, akakaa kunywa chai na kunicheka. Jioni madirisha yakawa uchi.

Shemeji akatokea, akacheka mpaka akakohoa, akabeba sanduku la mama yake. Mke wangu akaenda jikoni ili nisimwone machozi. Hapo niliumia kweli.

Mama mkwe akauliza sanduku lake linakwenda wapi. Shemeji akasema linakwenda kwake, kwenye hita. Mama akamwambia kwake alishakaa, kila mtu akajifungia chumbani na hita yake, yeye akabaki anaongea na ukuta. Humu tangu asubuhi amecheka na watu mpaka mbavu zinamuuma. Baridi anaijua, imemwingia mpaka kwenye vidole, lakini haondoki. Akaomba soksi zangu, blanketi na chai nyingine. Mke wangu akatoka jikoni na birika, anacheka na machozi bado yapo.

Jumamosi, 11 Julai

Amani. Mke wangu anaimba jikoni. Mama mkwe amekaa dirishani na soksi zangu, anawaita wapita njia waje wanywe chai. Sijawahi kuwa na raha hivi.

Nimetulia nikatafakari, nikagundua kosa langu liko wapi. Makoti ni madogo.

Mchana msimamizi wa bweni la shule ameniletea rundo la mablanketi niyapinde kingo. Mazito! Mapana! Moja linafunika dirisha zima na bado linabaki. Hana haraka nayo, amesema. Atayafuata baridi ikizidi.

Nimeshapata misumari.