Yule Padri ni Kaka Yake

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mwezi wa Maria umeanza vizuri kwangu. Sanamu ya Mama Bikira imefika jana baada ya misa, itakaa hapa wiki nzima, na jumuiya yote inakuja kusali rozari jioni. Rozari ikiisha, tamthilia inaanza. Muda huo sikuupanga mimi. Niliusukuma tu kidogo, nilipomwambia mwenyekiti wetu Mzee Josephu kwamba kusali mapema zaidi ni kuwaonea wanaotoka shamba.

Tamthilia yenyewe ni ya Kireno. Kaka yangu alinitafutia king'amuzi cha ng'ambo kule mpakani Kilambo, na hapa mtaani Naliendele ni mimi tu ninacho. Hawaelewi neno. Nawafasiria mimi, kwa sababu marehemu mama alizaliwa upande wa pili wa Ruvuma. Nikuambie wewe tu: Kireno changu ni salamu, majina ya vyakula, matusi mawili na Baba Yetu. Mengine nayasoma kwenye nyuso zao.

Sehemu ya leo mbovu. Dalva, yule binti mhusika mkuu, kapanda ngazi, kalia, kashuka. Basi. Mwanamume aliyezama baharini wiki jana karudi na suruali iliyopigwa pasi. Aliyeandika haya angeuza mihogo tungemheshimu. Nikawatungia ya kwangu: Dalva anamtafuta kaka yake aliyepotea. Wakaguna kwa raha.

Tangu wanangu Nelio na Nilza wahamie Dar, nyumba hii ilikuwa ya mimi na redio. Leo viatu vimejaa mlangoni mpaka nimekosa pa kukanyaga. Lakini Jumapili sanamu inahamia kwa Mama Brian, na viatu vitaifuata. Mumewe yuko bandarini. Runinga yao kubwa kama mlango wa stoo, na tamthilia zao za Kituruki zimetiwa sauti za Kiswahili. Huo si ushindani wa haki. Lazima wiki hii niwanase.

Jumanne, 6 Mei

Balaa. Kumbe kuna padri. Kijana, kola nyeupe, nyusi zimechongwa. Akamshika Dalva mkono, akamtazama kama mtu aliyeletewa pilau. Na Mzee Josephu kakaa mbele kabisa, rozari bado mkononi. Ningefanyaje? Nikasema huyo ndiye kaka aliyepotea. Alipotelea seminari.

Mzee Josephu akatoa leso.

Mama Brian akataka kujua mbona hawafanani hata kidogo. Nikamwambia baba mmoja, mama mbalimbali. Bi Tatu, jirani yangu Mwislamu ambaye hungoja barazani mpaka tumalize kusali, akasema hata kwao wako hivyo, mmoja mweupe mmoja kama chungu, na tumbo ni lile lile.

Asante, Bi Tatu.

Jumatano, 7 Mei

Wamebusiana. Si shavuni.

Nilisimama mbele ya runinga nikijifanya natengeneza kitambaa. Mungu amenijalia mwili, lakini walikuwa wameinama, wakatokea kwapani. Nikasema Dalva alikunywa maji mengi mtoni, kaka yake anampulizia pumzi. Mama Brian akasema hakuona mto. Nikamjibu kuwa mto ulikuwa kwenye sehemu ya juzi, siku aliyochelewa rozari. Mzee Josephu akaomba tumwombee Dalva Salamu Maria moja. Tukasali. Na mimi nilisali, kwa shida zangu.

Katikati ya hiyo Salamu Maria akaingia Lucinda, mtoto wa mama mkubwa, kutoka Kilambo, na kikapu cha samaki wakavu. Lucinda kasoma shule zote ng'ambo. Kireno anakiota usingizini. Akakaa pembeni, akaisikiliza runinga, akanisikiliza mimi, kisha akajaza upindo wa kanga mdomoni. Mabega yakatikisika mpaka mwisho.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaribu kumpeleka Lucinda Nanyamba akawasalimie wakwe zetu. Magoti yanamuuma. Nikasema wana korosho nzuri. Akasema na hapa zipo, akajaza kiganja.

Ikabidi niongee naye kama ndugu. Akanitazama kwa huruma. Mdogo wangu, akasema, hii mimi niliiona yote mwaka juzi. Yule padri anavua kola. Jumamosi wanafunga ndoa.

Ndoa! Kaka na dada! Mbele ya mwenyekiti wa jumuiya na sanamu ya Bikira!

Lucinda kakubali kufunga mdomo. Kachukua kitanda changu, mimi niko mkekani. Nimetolea mateso haya kwa roho za toharani.

Sehemu ya leo: Dalva kasoma barua. Saa nzima. Mtoto wa chekechea angeshamaliza na kuijibu.

Ijumaa, 9 Mei

Mpango safi. Nimechomoa waya nyuma ya king'amuzi, nikawatangazia kwa uso wa msiba kwamba kimekufa. Hakuna king'amuzi, hakuna ndoa.

Nilimsahau Mama Brian. Hapo hapo akasimama, mkarimu kupindukia. Akasema Mama Nelio asisumbuke na wageni bila burudani, sanamu ihamie kwake leo leo, yeye kashachemsha chai. Watu wakaanza kutafuta viatu. Nikajitupa nyuma ya runinga, nikachomeka waya, nikapiga kelele kuwa kimefufuka.

Mzee Josephu amesema huu ni muujiza mdogo. Anataka kuutolea shukrani kanisani.

Jumamosi, 10 Mei

Nilitaka kusema Dalva anaolewa na mtu mwingine, na kaka yake ndiye anayemsindikiza. Ingewezekana kabisa. Lakini padri mwenyewe ndiye aliyevaa suti, akamvisha pete, akambeba. Nikakaa kimya. Mara ya kwanza wiki nzima.

Mzee Josephu akasimama. Akauliza taratibu, kwa ile sauti ya kusoma matangazo, kama kaka amemuoa dada yake. Mama Brian akageuka nyuma, akasema da Lucinda, wewe mwenzetu wa ng'ambo, hebu tuambie, wanasemaje hao?

Lucinda akamaliza korosho yake. Akasema hawasemi chochote. Wanaambiana nakupenda, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni wapenzi, undugu hakuna. Mimi niliiangalia kwa Kireno chake nikalala kila siku, akasema. Hapa kwa mdogo wangu sijasinzia hata mara moja.

Bi Tatu akacheka mpaka akalala ubavu. Akasema yeye alijua tangu Jumatano, nani anampulizia mtu pumzi huku kafumba macho? Alikuwa anakuja kuona Mama Nelio atatokea wapi. Na wengine wakasema hivyo hivyo. Hata Mama Brian, kwa shingo upande.

Mzee Josephu peke yake hakujua. Akakunja leso yake. Akasema aliwalilia wale watoto kwa moyo wote. Akaondoka bila chai.

Jumapili, 11 Mei

Nimeungama kabla ya misa. Nimemwahidi padri, wa kweli huyu, kwamba sitafasiri tena nisichokijua. Kisha nikaibeba sanamu mwenyewe hadi kwa Mama Brian, nikiimba. Nyuma yangu mlango wangu mtupu. Hata ndala za Lucinda zilikuwa zimetangulia.

Rozari ilipoisha Mama Brian akawasha. Tamthilia mpya ya Kituruki, sehemu ya kwanza, Kiswahili fasaha. Kumbe hiyo ndiyo kasoro yake. Tukausikia upuuzi wote, neno kwa neno. Bi Tatu akapiga miayo. Lucinda akasinzia. Bwana mmoja mwenye masharubu akaingia, akamtazama binti kama pilau.

Mzee Josephu alikuwa hajanisemesha tangu jana. Akakohoa. Akamwomba Mama Brian azime sauti. Mama Brian akabonyeza, kanuna, lakini akabonyeza. Mzee akanigeukia. Mama Nelio, akasema, huyu mwenye masharubu ni nani wao?

Hata Lucinda kaamka.

Nikasema ni mjomba wake.

Mwishoni wameonyesha vipande vya kesho. Mjomba anamvisha pete. Si kitu, nimeshapata. Ni pete ya bibi yao, ya urithi.