Uzinduzi wa Chumba Namba Saba cha Wenye Ukurutu

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo na wa kamati inayozisimamia kamati, daktari wetu aliyeko safarini, muuguzi wetu aliyepo, wagonjwa wenye miadi na wasio na miadi, mabibi na mabwana. (Makofi, safu ya mbele.)

Nasimama mbele ya utepe huu nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu Chumba Namba Saba, ambacho mimi binafsi nilikiona kwanza ndotoni na kisha kwenye semina, kitamaliza kwa asilimia mia na kumi tatizo la virusi kuvamia ngozi yenye ukurutu, kwa mujibu wa mkakati uliojaza mafaili manne. (Mtu anapiga miayo.)

Tatizo hili si la mzaha. Nimeandika hapa: mwenye ukurutu akishikwa na homa, akatokwa na malengelenge madogo yanayofanana, yaliyokusanyika, yakapasuka na kuacha vidonda vya mviringo vinavyouma, huo si ukurutu wa kila siku. Kumpaka mafuta na kungoja ni kosa. Anahitaji dawa ya kuua virusi siku hiyo hiyo, na vikikaribia jicho, aonwe na daktari wa macho upesi. (Muuguzi, chini chini: "Karatasi yangu hiyo.")

Naam, mama mwenye mtoto? (Mama: "Mheshimiwa, mwanangu ana hayo hayo. Tangu jana anachemka, na sasa yamefika kwenye kope.")

Mnaona, wadau? Mteja wa kwanza, na utepe haujakatwa. Mvumilivu hula mbivu, mama. Mlango ndio huo, namalizia kurasa sita tu. (Muuguzi: "Mzee, hawezi kungoja. Tuazime gari lako limfikishe hospitali kuu.") Gari ni la msafara, dada, na msafara bila gari ni matembezi. (Kicheko. Mama anagonga mlango.)

Ngozi salama! (Watu wachache: "Salama.") Virusi! (Mama anagonga tena.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi aliyeuchora mlango huu jana kwa ustadi mkubwa, kitasa na vyote, wakati tukisubiri kibali cha kufikiria kujenga chumba chenyewe. Mama, usigonge sana. Rangi bado mbichi, na nyuma yake ni ukuta.

(Mama anageuka, kiganja kimejaa rangi ya buluu. Dereva wa msafara anaacha saluti yake, anampokea mtoto. Muuguzi anafungua mlango wa gari.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Jamani, lile si gari langu?